Wimbo Niliouosha kwa Majivu

Wiki iliyopita Baba alinunua simu mpya, na mimi, mama mzima wa watoto wawili, nikalia. Nililia pale pale sebuleni mbele ya wageni, mpaka mdogo wangu Yusufu akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Habari mbaya gani! Baba alikuwa amenikabidhi tu simu yake ya zamani, ile ya vibonyezo, iliyozungushiwa mpira wa tairi ili betri isidondoke, na harufu yake ikanijia puani. Grisi, sabuni ya mche, petroli kwa mbali. Hiyo ndiyo harufu ya Baba, na ndiyo harufu ya siku moja nilipokuwa na miaka tisa, siku ambayo nikiisimulia kwa kifupi watu wanasema natia chumvi. Basi leo nitaisimulia kwa kirefu, anayetaka kubisha abishe akimaliza.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa upesi, maana sisi ndio watoto wa soneri, ile milio ya simu. Siku hizi simu zinatetemeka tu mifukoni, unaweza kukaa na mtu mwaka mzima usijue simu yake inaliaje. Zamani zile ulimjua mtu kwa mlio wake kabla hajakunja kona. Na wimbo haukujishukia wenyewe kutoka hewani. Lazima mtu awe ameununua kwanza, aupeleke kwenye mashine, autafutie kipande kinachofaa kulia, aukate. Mimi maishani mwangu nimekata wimbo mmoja tu. Niliukata mara tatu, na mara ya tatu niliukata vibaya kwa makusudi.

Tulikaa Kinama, mjini Bujumbura, na Baba alikuwa na garaji kule chini Buyenzi, kwenye uwanja ambao mafundi wanane walifanya kazi bega kwa bega, wengine wakichomelea, wengine wakinyoosha mabati kwa nyundo kutwa nzima. Yeye alikuwa fundi wa injini, na sikio lake lilikuwa na sifa mjini. Yuko chini ya lori, nyundo zinalia kila upande, gari la watu linapita zake barabarani, yeye anachomoza kichwa na kusema, “Ile gari, buji ya tatu imekufa.” Na kweli plagi hiyo imekufa. Lakini umpigie simu sasa! Simu yake ilikaa ndani ya kopo la maziwa lililotundikwa kwenye msumari, hatua tatu kutoka kichwani kwake, isipate mafuta. Ililia humo mpaka ikachoka yenyewe. Baba hakuisikia hata siku moja, na hakuna aliyejua kwa nini.

Ndivyo alivyokosa kuzaliwa kwangu. Wakati ule simu ya mkononi ilikuwa ya wakubwa, kwa hiyo Mama aliposhikwa na uchungu, walipiga simu ya duka lililo jirani na garaji. Mwenye duka akatoka, akaita jina la Baba mara tatu, akaona mtu hageuki, akarudi kuuza sukari yake. Mama akapelekwa maternite, hospitali ya wazazi, na jirani yetu wa ng’ambo ya barabara, Mzee Saidi, mwenye teksi na mwenye hasira. Nikazaliwa. Kwetu Waislamu, mtoto akizaliwa, sauti inayotangulia kuingia sikioni mwake ni adhana. Anasomewa polepole sikio la kulia, na anayemsomea ni baba yake, kama yupo. Baba hakuwepo. Mzee Saidi akanawa mikono, akanishika, akanisomea yeye. Baba alifika jioni na ovaroli yake, akakuta sikio langu limekwisha kufunguliwa na mtu mwingine.

Mama hakumsamehe, ila hakuwa mtu wa kununa. Yeye aligeuza jambo kuwa utani ambao haukuisha. Kila nilipopandisha sauti, nami nilikuwa naipandisha kweli, alicheka na kusema, “Si munaona? Ile ni adhana ya Saidi.” Majirani wakalishika neno hilo. Nikigombana bombani, “Adhana ya Saidi.” Nikikataa kubeba ndoo, “Adhana ya Saidi.” Mzee Saidi mwenyewe akipita na teksi yake alinipigia honi na kuniita binti yangu.

Nyinyi mnacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejifungia kichwani, bila kumuuliza mtu, kwamba yule anayetangulia kukusomea ndiye anayekuwa baba yako wa upande huo wa sikio. Kwa hesabu zangu nilikuwa nusu ya Baba na nusu ya Mzee Saidi. Nilikwenda mpaka nikamchungulia Mzee Saidi miguu siku moja alipokuwa akitawadha, nikaona kidole chake cha pili kimezidi kile kikubwa, kama changu. Niliumia, wallahi. Nilimpenda Baba kuliko kitu chochote, na nilijiona nimeibwa nusu kabla sijafumbua macho.

Halafu Mama akapata mimba tena. Tumbo lilipoanza kuonekana, alimwambia Baba mbele yangu, wakati tunakula samaki wa mukeke na ugali wa muhogo, “Huyu naye ukimukosa, nitamupatia jina ya Saidi, mwanaume ao mwanamuke.”

Baba akacheka, lakini kicheko kilimkwama. Aliweka tonge chini. “Safari hii apana,” akasema. “Safari hii nitamusomea mi mwenyewe.”

“Kwa sikio gani? Hilo lisilosikia simu?”

Nilimwona akiitazama simu yake juu ya meza. Nilijua anaogopa, na mimi nikaogopa pamoja naye, kwa sababu zangu. Mtoto yule alipaswa kuwa wa Baba mzima, masikio yote mawili.

Sasa kulikuwa na tatizo la pili, na hili mnalikumbuka wote. Nani alikuwa anapiga simu siku zile? Tulikuwa tunabipu. Unapiga, ikishika kulia tu, unakata, unite yako, yaani salio, inabaki. Mama na Baba walikuwa na mapatano yao. Bipu moja, tuko salama. Bipu mbili, pitia mkate. Bipu tatu, kuya mbio. Yaani habari nzima ya nyumba yetu ilipita katika mlio wa sekunde mbili, ambao Baba hakuusikia. Alirudi bila mkate siku sita katika wiki, na siku ya saba, Jumapili, alikuwa nyumbani.

Njiani kuelekea shule kulikuwa na kibanda cha Madamu Consolata, mama mmoja aliyetoka Mutanga Nord kila asubuhi kuja kuandikia watu barua na kutoa fotokopi. Alikuwa na kompyuta kubwa iliyofunikwa kitambaa cha kushonwa kwa uzi, na kwenye mlango ameandika kwa mkono kuwa anatengeneza soneri. Nikaingia. Nikamwambia nataka wimbo utakaomfanya Baba asikie simu.

“Disiki yako iko wapi?” akauliza.

“Kwani we hauna nyimbo?”

“Mi sikatake nyimbo ya mwizi. Kaka yangu anapiga gitaa kwa bendi, nguo zake nazijua zote mbili. Lete wimbo yenye baba yako alinunua, nitakukatia bure. Ile hamukununua, oya.” Oya ni hapana ya Kirundi, na akiisema yeye mlango unafungwa.

Nikatoka nimenywea. Tulikuwa na disiki, moja tu. Bendi ya Buyenzi iliyopiga kwenye harusi ya Baba na Mama ilikuja baadaye kurekodi nyimbo zake, na Baba akawa mtu wa kwanza kwenda kununua, disiki halisi yenye karatasi na picha za wanabendi, kwa sababu wimbo wa nne ndio uliomtoa Mama chumbani siku ya harusi. Disiki hiyo ilikaa juu ya kabati ndani ya kitambaa cheupe, na mimi nilikuwa nimekatazwa hata kuitazama kwa muda mrefu.

Na nilikuwa na siri nayo. Nilipokuwa na miaka sita, siku ya Idi, niliamua kumsaidia Mama usafi. Nilisugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka zikang’aa, nikapendezwa, nikaangalia kitu gani kingine nyumbani kina uso wa kung’aa uliofifia kwa vumbi. Nikaishusha ile disiki. Nikaiosha, jamani. Nikaisugua kwa majivu pande zote, nikaisuuza, nikaianika kwenye kamba kwa kibanio. Ilipokauka nikairudisha kwenye kitambaa chake, nikingojea kusifiwa. Jioni Baba akaiweka. Wimbo wa nne ukaenda vizuri hadi katikati, kisha ukashikwa: krr-tak, krr-tak, krr-tak, fidla inakwama na sauti ya mwimbaji inakatika vipande vipande, halafu ukajinasua na kuendelea. Baba aliruka kwenye kiti kana kwamba amechomwa sindano. Mimi nikanyamaza. Na kwa kuwa wiki iliyotangulia Mzee Saidi alikuwa ameiazima kwa harusi ya mpwa wake, nilimsikia Baba akimnong’oneza Mama, “Saidi ameniulia wimbo.” Nikazidi kunyamaza. Toka siku hiyo Baba alimsalimia Mzee Saidi kwa ncha za vidole.

Kwa hiyo kuishusha disiki ile mara ya pili kulinitia jasho. Lakini tumbo la Mama lilikuwa linakua. Jumapili Baba alipokwenda kuswali alasiri, simu akaiacha mezani kama kawaida yake, maana hakuwa akiingia msikitini na simu. Niliifunga disiki kwenye mtandio, simu nikaishika ndani ya kiganja, mbio mpaka kwa Consolata. Alikuwa ametoka misa, bado amevaa viatu vya misa. Aliingiza disiki, na kwenye kioo wimbo ukatokea umechorwa, milima na mabonde. Sikuwa nimejua kwamba wimbo una sura. Nilikaa nautazama nimeachama, ikabidi anigonge bega.

“Unataka wapi?”

Nikataka mwanzo, fidla zote zinapoanza pamoja, maana ndipo nywele zinaponisimama. Akakata, akaingiza kwenye simu, nikarudi kabla sala haijaisha. Jumatatu Mama akabipu mara mbili. Baba akarudi bila mkate. Fidla zile zilianza kimyakimya na kupanda polepole, na kwa sekunde mbili za bipu hazikuwa zimepanda popote.

Jumapili iliyofuata nikataka pale mwimbaji anapofungua koo, sauti juu kabisa, hapo hapo bila kungoja. Consolata akasema kwa sauti hiyo hata maiti ataamka. Jumatatu Mama akabipu mara mbili. Baba akarudi na uso wa furaha, mikono mitupu.

“Leo mutu fulani jirani aliweka wimbo yetu kwa redio,” akamwambia Mama. “Mara mbili. Mafundi waliniambia hata mi nilikuwa naimba chini ya lori.”

Mama alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikalia kwa hasira. Kumbe alisikia na hakusikia! Wimbo mzuri ulimwingia kama maji yanavyoingia mchangani, akaendelea na kazi zake.

Wiki hiyo mvua ilinyesha Kinama siku nne mfululizo. Alhamisi ilikuwa kubwa hasa, ikipiga juu ya bati mpaka mtu alipaswa kupiga kelele ili apewe chumvi. Garaji ilikuwa imefurika maji, Baba yuko nyumbani, amelala chumba cha ndani, mlango umefungwa, blanketi hadi kichwani. Mama akaweka disiki sebuleni, sauti ndogo, kujiliwaza tu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na redio na bado naisikia kwa shida. Wimbo wa nne ukafika pale penye kovu. Krr-tak, krr-tak.

“Hapo!” Baba akapiga kelele toka chumbani. “Inaruka tena!”

Nikageuka. Mama hakushtuka, ameshazoea. Lakini mimi nilisimama na kijiko mkononi, nikamwelewa Baba kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Kitu kizima hakikumhusu. Sikio lake lilikuwa linatembea mjini kutwa kucha likitafuta kitu kilichoharibika, na kikitokea, hata kiwe chini ya mvua na blanketi, linakipata.

Jumapili nilimwambia Consolata nataka pale paliposagika.

“Mana yanje!” akasema, akimwita Mungu kwa Kirundi. “Wimbo nzima hii, muzuri, ya harusi, we unataka kidonda?”

“Nataka kidonda, Madamu. Kidonda peke yake.”

Tukakitafuta kwenye kioo. Palipo na kovu milima ilikuwa imesimama sawasawa kama vigingi vya ua. Alikata hapo, akausikiliza, akakunja uso, akaniuliza Baba amenikosea nini. Mimi nilirudi nyumbani nikirukaruka. Ulikuwa mlio mbaya kuliko yote iliyowahi kusikika Bujumbura, toka Kinama hadi Musaga, na ulikuwa wangu.

Jumatatu Mama akabipu mara mbili, mkate. Haikupita saa moja Baba huyo mlangoni, mchana kweupe, bila mkate, simu ameibeba kwenye kitambaa vipande vipande, betri kando, kifuniko kando.

“Simu imekufa,” akasema, anahema. “Nilikuwa chini ya lori nikasikia supape ya injini imelegea. Nikatoka. Nikatafuta kwa lori, apana. Nikatafuta kwa gari ya jirani, apana. Ni simu! Mi toka nizaliwe sijaona simu ya supape.”

Nilijikaza nisicheke nikashindwa. Nilicheka nikakaa chini, na Baba akanitazama, na lile jicho la fundi likanishukia. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia yote, la soneri, la Consolata, la kushusha disiki, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, la majivu pia likatoka. La kibanio na kamba pia.

Baba hakunigusa. Alikaa kwenye kiti, akaiunganisha simu polepole, akaifunga. Kisha akauliza, “Saidi hakufanya kitu?”

“Hakufanya, Baba.”

“Miaka mitatu,” akasema. Akasimama, akavuka barabara. Mimi nikamfuata kwa nyuma. Mzee Saidi alikuwa anaosha teksi. Baba akamshika mkono, mkono mzima safari hii, akamwomba radhi kwa kumkasirikia miaka mitatu kwa ajili ya disiki.

Mzee Saidi akamkodolea macho. “Kumbe ulikuwa umenikasirikia? Mi nilizania ndiyo sura yako!”

Mpaka leo hilo neno likitajwa nyumbani chai inamwagika. Baba alitaka kuuondoa ule mlio, anasema utamletea vidonda vya tumbo. Mama akamkatalia. “Unaacha palepale,” akasema. “Mwezi yangu iko karibu.”

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, likizo, saa nne asubuhi. Mama alikuwa anachambua maharage akasimama ghafla, akashika ukuta, akanipa simu. “Zuhura, bipu tatu. Halafu ita Saidi.” Kwa haraka nikabonyeza vibaya mara ya kwanza. Nikabipu moja. Nikabipu mbili. Nikabipu tatu. Hakuna jibu, maana bipu haina jibu, huwezi kujua imefika au haikufika. Mzee Saidi akaleta teksi kwa honi kama anapeleka bibi harusi, tukaenda.

Tulikaa kwenye benchi la maternite, mimi na yeye, wote wawili tumekunja mikono vilevile. Mlango ulifungwa nyuma ya Mama. Nilihesabu marumaru za sakafu, nikasahau, nikaanza upya. Baba hakutokea. Kina mama walipita na thermosi, mtu mmoja alipita na mkungu wa ndizi, Baba hakutokea. Kisha ikasikika sauti ya mtoto, kali, na muuguzi akachungulia.

“Mutoto mwanaume. Mama iko muzuri. Papa wake ni nani hapa?”

Mzee Saidi akasimama, akakunja mikono ya kanzu, akaelekea kwenye bomba kunawa. Sikujua kwamba miguu yangu imesimama pia. “Apana!” nikasema. “Apana, Mzee, ngoja!”

“Nimungojee nani? Mutoto hakai bila adhana. Hata we hukungoja.”

“Mi ndiyo sikungojewa!” nikapiga kelele, mbele ya wauguzi na wagonjwa, sauti yote. “Mi nilipewa kwako nusu! Huyu hapana! Huyu ni wa Baba!”

Hasira mbili zikatazamana katika ule ukumbi. Maji yanatiririka bombani, Mzee Saidi mikono imelowa, mdomo wazi. Nadhani hakuna mtoto aliyewahi kumjibu hivyo. Kabla hajafunga bomba, nje kukasikika injini ya gari, na hata mimi nisiye fundi nilisikia kwamba gari hilo halina kifuniko cha mbele.

Baba akaingia. Alikuwa na ovaroli ya mafuta, damu inamchuruzika juu ya jicho, na nyuma yake mteja aliyevaa tai, mwenye gari, analalamika kwa Kifaransa kwamba injini yake iko wazi na ana mkutano. Baadaye tulielezwa na mafundi. Kopo la maziwa lililia krr-tak mara ya kwanza, Baba akasimamisha spana. Mara ya pili, akatega. Mara ya tatu akainuka akiwa bado chini ya lori, akagonga kichwa kwenye chuma, akatoka anapepesuka, akaingia kwenye gari lililokuwa karibu, mwenye gari akiwa ndani. Alifika kwanza Kinama, akatukosa, ndipo akaja maternite. Kovu analo mpaka leo, juu ya nyusi ya kushoto.

“Nimechelewa?” akauliza. Hakumuuliza muuguzi. Aliniuliza mimi.

“Bado, Baba.”

Mzee Saidi akasogea, akamwachia bomba. Baba alinawa mara tatu kwa sabuni ya mche, hadi viwiko, na kucha bado zilibaki nyeusi. Tukaingizwa ndani. Mama alikuwa amelala na uso umechoka na unacheka, akasema tu, “Eh! Leo umesikia.” Baba akamchukua Yusufu, maana ndilo jina alilopewa, akamgeuza kuelekea kibla, akainama kwenye lile sikio dogo la kulia na kusoma. Polepole, neno kwa neno. Fundi yule aliyepiga kelele kutwa kushindana na nyundo, sikujua kama ana sauti ndogo kiasi kile. Yusufu aliacha kulia. Mzee Saidi alijifuta macho kwa mkono wa kanzu, akasingizia sabuni.

Baba alipomaliza, akamrudisha mtoto kwa Mama. Nilidhani imekwisha. Akageuka, akapiga goti moja sakafuni mbele yangu.

“Muuguzi ameniambia ulisema nini huko nje,” akasema. “Hospitali nzima imesikia. Kuya hapa.”

Nikaenda. Akanishika kichwa kwa mikono ile yenye harufu ya grisi, sabuni na petroli, akanigeuza taratibu, akaweka mdomo kwenye sikio langu la kulia, na akanisomea. Yote, toka mwanzo mpaka mwisho, mimi wa miaka tisa nimesimama na viatu vyangu vya shule, maana sikuwa na vingine. Kisha akaninong’oneza, “Yako ilichelewa. Unisamehe, mama.”

Nililia hadi nikapata kwikwi. Mama akauliza tunafanya nini kule pembeni, na Mzee Saidi akajibu kwamba binti yake anarudishwa kwa mwenyewe. “Lakini hasira mi sirudishiwe,” akasema. “Hiyo abakie nayo.”

Nimebaki nayo, muulizeni mume wangu.

Sasa turudi wiki iliyopita. Baba amezeeka, na zile nyundo zimemla masikio. Wajukuu wanamwita mara tano, anasema, “Eh?” Yusufu alimshauri anunue simu mpya ili angalau aone picha. Wageni walipoondoka, nami nikamaliza kulia, Baba aliniletea na ile mpya, akaniambia, “Ile kitu yako, ihamishe.” Nilikaa karibu saa nzima nikiuhamisha ule mlio wa krr-tak. Yusufu alisema haina maana, mzee hasikii tena, hata wimbo wa harusi hausikii vizuri.

Mimi nikatoka nje, nikavuka barabara, nikasimama karibu na mashine ya kusaga muhogo, inayounguruma hadi meno yanacheza. Kule ndani Baba alikuwa amelala kwenye kiti, mlango umefungwa. Nikabipu. Moja, mbili, tatu.

Hakupokea. Mlio ule Baba hajawahi kuupokea, tangu siku ile. Geti lilifunguka kwa kishindo, na Baba akatokea barabarani, kofia imekwenda upande, kandambili za Mama miguuni, anatazama huku na huku akinitafuta.